Aliyekwisha kukiri kosa anaweza kubadili jibu lake kabla ya adhabu?

Msomaji mmoja ameniandikia hivi, nami nimefupisha: «Mimi ni dada wa kijana wa miaka 23 aliyeshtakiwa kumwibia mwajiri wake fedha za mauzo. Siku ya kwanza mahakamani hakuwa na wakili, akakiri kosa. Anasema mpelelezi alimwambia kwamba akikubali atatozwa faini na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Hakimu alimtia hatiani, kisha akaahirisha shauri kwa wiki mbili ili afisa ustawi wa jamii alete taarifa yake kabla ya adhabu. Sasa mdogo wangu anasema alizichukua fedha hizo kwa sababu alikuwa hajalipwa mshahara wa miezi mitatu, na kwamba alimweleza hakimu hivyohivyo. Je, anaweza kuikana kauli yake? Na akifanya hivyo, si atazidi kujiharibia?»

Dada, jibu fupi ni kwamba anaweza kuomba, na kwa jinsi ulivyoeleza anayo hoja inayostahili kusikilizwa, lakini muda alionao ni mfupi na kila siku inayopita bila yeye kusema lolote inaipunguzia hoja hiyo nguvu. Hukunitajia nchi mliyomo, kwa hiyo nitajibu kwa misingi inayotumika katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa sheria uliotokana na Uingereza, nikionyesha palipo na tofauti. Wakili wa hapo mlipo ndiye atakayekupeni vifungu.

Jambo la kwanza ambalo mahakama italiangalia ni hatua ambayo shauri limefikia. Watu wengi hudhani kwamba hakimu akishatamka «umetiwa hatiani» mambo yamekwisha, kumbe kutiwa hatiani na kupewa adhabu ni hatua mbili tofauti, na mahakama inayosikiliza shauri haijamaliza kazi yake mpaka itamke adhabu. Katika kipindi kilicho kati ya hatua hizo mbili, kiwe cha wiki mbili kama chenu au cha dakika kumi, hakimu bado ana mamlaka ya kumruhusu mshtakiwa aondoe kauli yake ya kukiri na kuandikiwa kwamba amekana. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikubali msimamo huo mwaka 1973, na Uingereza nayo iliukubali kwa mahakama zake za mahakimu takriban wakati huohuo. Nchini Marekani, Kanuni ya 11 ya mwenendo wa mashauri ya jinai katika mahakama za shirikisho imeupanga wakati huu kwa ngazi: kabla mahakama haijaipokea kauli ya kukiri, mshtakiwa anaweza kuiondoa kwa sababu yoyote au hata bila sababu, ikishapokelewa lakini adhabu haijatolewa, anatakiwa aonyeshe sababu iliyo ya haki, na adhabu ikishatolewa, njia hiyo imefungwa, anabaki na rufaa au njia nyingine za kuipinga hukumu. Mdogo wako yuko katika ngazi ya katikati. Huo ndio wakati ambao ombi lake linaweza kupelekwa kwa hakimu yuleyule, bila rufaa, bila jalada kuhamia mahakama ya juu.

Hata hivyo, kuwa na mamlaka ya kuruhusu si sawa na kulazimika kuruhusu. Hakimu ana hiari, na hiari hiyo anatakiwa kuitumia kwa kufuata sababu zinazoeleweka kisheria. Majuto si mojawapo ya sababu hizo. Mshtakiwa aliyekiri kwa akili yake timamu, akielewa shtaka, kisha akasikia kwa wenzake mahabusu kwamba kosa lake huwapeleka watu jela, hawezi kubadili jibu kwa sababu tu hesabu zake hazikwenda alivyotarajia. Mahakimu wanaijua sana hali hiyo, na ndiyo maana mtu anayekaa kimya wiki mbili nzima kisha anaibuka asubuhi ya adhabu, baada ya kusikia kwamba taarifa ya ustawi wa jamii haimpendelei, hutazamwa kwa shaka hata kama anasema kweli. Kinachotafutwa ni kasoro iliyokuwapo siku ile alipokiri: je, alikiri kwa hiari yake, je, alielewa alichokikiri, na je, maneno yake yalikuwa ya kukiri kweli au yalikuwa na utata ndani yake?

Nataka nikae kidogo kwenye swali hilo la tatu, kwa sababu katika maelezo yako yote sentensi iliyonishtua ni ile ya mwisho, kwamba alimweleza hakimu kuhusu mshahara. Umeiweka pale kama nyongeza, nami naiona kuwa ndiyo kesi yenyewe.

Utaratibu wa kupokea kauli ya kukiri uliwekwa wazi katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki mwaka 1973, na hadi leo mahakama za Kenya hulitaja karibu kila mara jambo hili linapozuka. Mshtakiwa asomewe shtaka na aelezwe, kwa lugha anayoielewa, kila jambo linalolifanya kosa hilo kuwa kosa. Maneno anayojibu yaandikwe kama alivyoyasema yeye, kwa ukaribu unaowezekana. Akiwa amekiri, upande wa mashtaka ueleze jinsi tukio lilivyotokea, naye apewe nafasi ya kukubali, kupinga au kufafanua. Akipinga jambo la msingi, au akisema neno linalotia shaka kama kweli ana hatia, hakimu aandike jibu hilo na abadilishe kumbukumbu isomeke kwamba mshtakiwa amekana. Ni pale tu asipopinga ndipo anapotiwa hatiani, na baada ya hapo husikilizwa kuhusu adhabu. Wazo hilo halikuzaliwa mwaka 1973. Tangu miaka ya 1940 mahakama ya rufaa ya eneo hilo ilikuwa imekwisha kuonya kwamba, pale ambapo mtu atatiwa hatiani kwa kukiri kwake, kila kiambato cha kosa kinapaswa kuelezwa kwake na yeye kutakiwa akikubali au akikatae kimoja kimoja.

Sababu ya umakini huo inaonekana ukiangalia jinsi watu wanavyojibu. Mshtakiwa anayesomewa kwamba «aliiba fedha, mali ya fulani» akajibu «ni kweli» huenda anakubali kwamba alichukua, wala hakubali kwamba aliiba, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku maneno hayo mawili hukaribiana na katika sheria yana umbali mkubwa. Mwingine atasema «ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenijia na panga». Nusu ya kwanza ya sentensi hiyo ni kukiri na nusu ya pili ni utetezi kamili wa kujihami. Hakimu aliyechoka, mwenye mafaili arobaini mezani, anaweza kuandika «ni kweli nilimpiga» akaweka nukta hapo. Ndiyo maana mahakama za juu za Afrika Mashariki zimesema tena na tena kwamba maneno «ni kweli» yakiwa peke yake ni msingi dhaifu wa kumtia mtu hatiani, hasa asiye na wakili na anayekabiliwa na kifungo.

Sasa mrudie mdogo wako. Wizi, katika sheria nyingi za jinai za mfumo huu, hauwi wizi kwa sababu tu mtu amechukua kitu cha mwingine. Lazima awe amekichukua kwa nia ya udanganyifu, au, kama sheria za Uingereza zinavyosema, bila uaminifu. Mtu aliyechukua akiamini kwa dhati kwamba ana haki ya kukichukua anao utetezi unaotambuliwa, na sheria za kanuni ya adhabu za Kenya na Tanzania zina kifungu mahususi kuhusu dai la haki lililotolewa kwa nia njema juu ya mali. Kinachopimwa ni imani ya mshtakiwa mwenyewe, si kama imani hiyo ilikuwa sahihi kisheria. Kwa hiyo kijana aliyesimama kizimbani akasema «nilichukua, lakini ni mshahara wangu wa miezi mitatu» hakuwa amekiri wizi. Alikuwa amekiri kuchukua, na hapohapo ametaja utetezi wake, pengine bila kujua kwamba una jina.

Nisikufariji kupita kiasi hapa. Kudai mshahara hakumpi mtu ruhusa ya kujilipa kutoka kwenye droo ya mwajiri, na mahakama itauliza kama kweli aliamini kwamba ana haki au alikuwa na hasira na uhitaji tu. Kama alichukua kiasi kinacholingana na anachodai, akamwambia mwajiri siku hiyohiyo au akaacha ujumbe, imani yake itaonekana. Kama alichukua zaidi ya deni, akabadilisha vitabu vya mauzo ili isijulikane, au akazima simu na kutoroka, basi mwenendo wake unazungumza lugha nyingine. Muulizeni maswali haya wenyewe kwanza, kwa upole lakini bila kumzunguka, kwa sababu mwendesha mashtaka atayauliza na hatakuwa mpole. Lakini kumbukeni kwamba katika hatua ya kuomba kubadili jibu hatakiwi kuthibitisha kwamba hana hatia. Inatosha aonyeshe kwamba ana utetezi wa kweli unaostahili kupimwa kwa ushahidi.

Kwa hiyo kazi yenu ya kwanza, kabla hata ya kuandika ombi lolote, ni kupata mwenendo wa shauri wa siku ile. Andikeni barua kwa masjala ya mahakama, mkitaja namba ya shauri na tarehe, mkiomba nakala iliyothibitishwa. Na kwa kuwa nakala iliyochapwa inaweza kuchukua muda kuliko mlio nao, ombeni pia wakili aruhusiwe kulisoma jalada lenyewe. Someni mstari kwa mstari. Imeandikwa lugha gani ilitumika, na kama hakuielewa vizuri, palikuwa na mkalimani? Jibu lake limeandikwa kwa maneno yake au kuna maneno ya kiofisi tu, «mshtakiwa amekiri»? Maelezo ya tukio yalisomwa siku hiyohiyo, na ndani yake kuna jambo linaloonyesha nia ya udanganyifu au yanaishia kwenye «alichukua»? Baada ya maelezo hayo kuna jibu lake? Na alipoulizwa kama ana la kusema kabla ya adhabu, alisema nini? Sehemu hii ya mwisho watu huiruka, na ni kosa, kwa sababu neno la utetezi likitokea hata katika kuomba huruma, hakimu alipaswa kusimama na kuuliza upya kama mtu huyu kweli anakiri.

Mkikuta neno «mshahara» limeandikwa popote kati ya shtaka na mwisho wa kikao, ombi lenu litakuwa jepesi, kwa sababu mtakuwa mnamwonyesha hakimu maandishi yake mwenyewe. Msipolikuta, kazi ni ngumu zaidi lakini haijaharibika. Mwenendo wa mahakama huchukuliwa kuwa sahihi mpaka ionyeshwe vinginevyo, na anayedai kwamba kuna maneno yaliyoachwa anatakiwa aapie jambo hilo mapema, akiungwa mkono na mtu aliyekuwapo mahakamani kama yupo. Wewe mwenyewe ulikuwapo? Kama ulikuwapo na ulisikia, ushahidi wako una uzito. Kama alikusimulia baadaye, hauna.

Kuhusu ahadi ya mpelelezi, msingi wake ni kwamba kukiri lazima kuwe kwa hiari. Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, katika shauri la Turner la mwaka 1970, ilikuta mshtakiwa aliyebadili jibu na kukiri katikati ya kesi akiwa na picha kwamba jaji amekwisha kuashiria kuwa akipatikana na hatia kwa kubishana atafungwa, na akikiri hatafungwa. Kukiri huko kulihesabiwa kuwa si kitu, kwa kuwa mtu lazima abaki na uhuru kamili wa kuchagua jibu lake. Ahadi ya askari haina uzito sawa na ya jaji, maana askari hana mamlaka ya kutoa adhabu, lakini kwa kijana aliyelala mahabusu, asiyewahi kuiona mahakama, asiye na wakili wa kumwambia kwamba mpelelezi hawezi kuahidi faini, ahadi hiyo inaweza kuwa ndiyo iliyomfungua mdomo. Naamini wengi wanaokiri siku ya kwanza hukiri ili warudi nyumbani. Tatizo ni kuthibitisha. Hakimu atauliza: nani alisema, saa ngapi, wapi, kwa maneno gani, mbele ya nani? Na je, hakimu mwenyewe alimuuliza mshtakiwa kama kuna mtu amemwahidi jambo, naye akajibu hapana? Kama swali hilo na jibu hilo vimeandikwa, hoja ya ahadi inadhoofika sana.

Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wa Rwanda wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994, alijifunza hilo kwa njia ngumu. Alikiri mashtaka tarehe 1 Mei 1998 mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliyokuwa Arusha, akapewa kifungo cha maisha mwezi Septemba mwaka huohuo, kisha akakata rufaa akitaka kukiri kwake kubatilishwe, akilalamika pamoja na mengine kwamba hakupewa wakili aliyemchagua. Majaji wa rufaa waliitupa hoja hiyo Oktoba 2000: alikuwa amesaini makubaliano, na mahakama ilikuwa imemuuliza waziwazi kama anakiri kwa hiari na kwa kuelewa, naye akaitikia. Upande wa pili yuko Dražen Erdemović, askari aliyekiri uhalifu dhidi ya ubinadamu mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Yugoslavia ya zamani na kupewa miaka 10 mwaka 1996. Mwaka 1997 majaji wa rufaa waliona kwamba hakuwa ameeleweshwa tofauti kati ya kosa hilo na kosa la kivita, ambalo waliliona kuwa jepesi zaidi, wakaamuru asomewe mashtaka upya. Mwaka 1998 alikiri kosa la kivita na kupewa miaka 5. Makosa yao hayalinganishwi na la mdogo wako hata kidogo, lakini kipimo ni kilekile, na tofauti ya matokeo yao ilitoka kwenye kilichoonekana katika kumbukumbu za siku walipokiri.

Ombi lenyewe huandikwa na kuambatanishwa na hati ya kiapo. Anayeapa ni mdogo wako, si wewe, kwa sababu yeye ndiye aliyekiri na ndiye anayejua kilichokuwa kichwani mwake. Wewe unaweza kuapa hati ya pili kuhusu yale uliyoyaona kwa macho yako tu. Mara nyingi hati hizi huletwa zikiwa na aya moja inayosema «kwamba nilikiri bila kuelewa na chini ya shinikizo», na hakimu akiisoma hana pa kushika, kwa kuwa kila mshtakiwa anaweza kuiandika. Linganisha na hii: «Kwamba asubuhi ya siku niliyofikishwa mahakamani, nikiwa mahabusu ya kituo, mpelelezi wa shauri hili aliniambia mbele ya mahabusu wenzangu wawili kwamba nikikubali nitatozwa faini na kwenda nyumbani, na nikikataa nitakaa ndani mpaka kesi iishe, kwamba sikuwa nimewahi kushtakiwa wala sikuwa na wakili, kwamba niliposomewa shtaka nilijibu kuwa nilichukua fedha hizo lakini ni mshahara wangu wa miezi mitatu, na kwamba nilidhani kukubali kuwa nilichukua ndiyo maana ya kukiri.» Hii inaweza kuchunguzwa, na kinachoweza kuchunguzwa ndicho kinachoaminika. Kama aliambiwa hivyo mbele ya mtu mmoja, iandikwe mmoja. Kiapo cha uongo ni kosa lingine kamili, na hakuna njia ya haraka zaidi ya kupoteza hoja nzuri kuliko kuipamba.

Ambatanisheni kila kinachoonyesha deni la mshahara: mkataba kama upo, rekodi za malipo ya miezi ya nyuma zinazoonyesha pengo, na hasa jumbe za simu kati yake na mwajiri. Ujumbe mmoja wa mwajiri unaosema «vumilia, mwezi ujao nitakulipa yote» una thamani kuliko kurasa tatu za hoja za wakili. Msiufute wala kuuhamisha. Pigeni picha ya skrini yenye tarehe, na simu yenyewe itunzwe.

Kama angekuwa na wakili siku ile na sasa anamlaumu, ningeongeza tahadhari moja, nayo naiandika kwa faida ya wasomaji wengine. Mazungumzo kati ya mteja na wakili ni siri, lakini mteja anayesema «wakili wangu alinishauri vibaya» kwa kawaida atatakiwa akubali siri hiyo ifunguliwe ili wakili ajibu. Kanuni za Uingereza zinamtaka mwombaji aseme waziwazi kama anaiachilia. Na wakili huyo anaweza kuja na karatasi iliyosainiwa inayosema kinyume. Marekani, tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika shauri la Padilla la mwaka 2010, kushindwa kumweleza mgeni kwamba kukiri kunaweza kumfukuzisha nchini huhesabiwa kuwa upungufu katika utetezi wake, ingawa bado anatakiwa kuonyesha kwamba upungufu huo ndio uliomfanya akiri.

Sasa swali lako la pili, kama hatazidi kujiharibia. Jibu la uaminifu ni kwamba kuna anachopoteza. Anayekiri mapema hupunguziwa adhabu karibu kila mahali. Uingereza, kwa mfano, aliyekiri katika hatua ya kwanza hupunguziwa hadi theluthi moja, na anayekiri siku ya kwanza ya kusikilizwa kwa kesi hupata sehemu ya kumi tu. Akibadili jibu sasa, kesi ikasikilizwa na akapatikana na hatia, punguzo hilo limekwenda. Kama palikuwa na makubaliano na upande wa mashtaka, na mashtaka mengine yakaondolewa kwa sababu hiyo, yanaweza kurudishwa. Muulizeni kama alisaini karatasi yoyote, kwa sababu makubaliano ya kukiri kosa yana masharti yake ya kuyatengua, ambayo kwa kawaida ni kuonyesha udanganyifu au kukosekana kwa hiari. Kesi itachukua miezi, na dhamana itabidi iombwe. Lakini hakimu haruhusiwi kumwongezea adhabu kwa sababu tu amethubutu kubadili jibu. Mahakama nyingi pia haziruhusu kauli iliyoondolewa kihalali itumike baadaye kama ushahidi dhidi yake, msimamo ambao Mahakama ya Juu ya Marekani iliuweka mwaka 1927, ijapokuwa kuna nchi zinazomwachia jaji aamue. Busara pia hutaka kesi isikilizwe na hakimu mwingine ambaye hajasikia kukiri huko. Ombi hilo litolewe.

Ningekuwa mimi ndiye wakili wake, nisingeamua kabla ya kuyasoma maelezo ya mashahidi na kumsikiliza yeye peke yake, bila ndugu chumbani. Iwapo atanieleza kwamba alichukua fedha kwa kuficha, na kwamba hoja ya mshahara alifundishwa mahabusu wiki iliyopita, nitamshauri abaki na kauli yake, arudishe fedha, na nguvu zetu tuzielekeze kwenye kuomba adhabu isiyo ya kifungo, ambapo mshahara usiolipwa bado una nafasi yake kama sababu ya kupunguziwa. Iwapo alisema «mshahara wangu» mbele ya hakimu siku ya kwanza, bila kufundishwa na mtu, nitapeleka ombi kesho.

Ikitokea siku ya adhabu imefika na hamjapata wakili wala hati, asinyamaze. Asimame kabla hakimu hajaanza kusoma adhabu na aseme kwamba anaomba kubadili jibu lake, aeleze kwa nini kwa sentensi mbili tatu, na aombe maneno yake yaandikwe. Ombi la mdomo ni ombi, na likiandikwa hakimu analazimika kulitolea uamuzi wenye sababu. Likikataliwa, adhabu itatolewa, na hapo kinachobaki ni rufaa.

Rufaa ya aliyekiri ni nyembamba. Sheria za Kenya na Tanzania husema kwamba aliyetiwa hatiani na mahakama ya chini kwa kukiri kwake anaweza kukata rufaa dhidi ya uhalali au ukubwa wa adhabu tu. Lakini mahakama zimeusoma mpaka huo kwa maana kwamba kukiri kunakozungumzwa ni kukiri halisi. Kama hakukuwa halisi, mpaka haumhusu. Mahakama Kuu ya Tanzania, katika uamuzi wa mwaka 1983 ambao Mahakama ya Rufani imeufuata mara nyingi, ilitaja njia nne: kauli ilikuwa na utata au haikukamilika, mshtakiwa alikiri kwa kukosea au kwa kutoelewa, shtaka halikuonyesha kosa lolote linalojulikana kisheria, au maelezo aliyoyakubali, hata yakichukuliwa yote kuwa kweli, hayawezi kisheria kumtia hatiani kwa kosa hilo. Hoja ya mshahara inaingia katika ya kwanza, na pengine katika ya nne kama maelezo yaliyosomwa hayakugusa nia. Muda ni mfupi: Kenya ni siku 14 tangu hukumu, Tanzania kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe hupelekwa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala. Rufaa ikifaulu, msitarajie lazima aachiwe huru palepale, kwa kuwa mara nyingi jalada hurudishwa mahakama ya chini ili asomewe shtaka upya mbele ya hakimu mwingine, isipokuwa pale ambapo amekwisha kutumikia sehemu kubwa ya kifungo au kumrudisha kutakuwa kumwonea.